Dawa ya kulainisha choo kwa mgonjwa wa ini, ni kweli inapitisha mafuta yote ya chakula?

Binti_wa_Kariobangi

Habari zenu. Naomba msaada hasa kwa mtu ameshawahi kuuguza mgonjwa wa ini ama anafanya kazi hospitali, juu hapa nyumbani tumegawanyika na mimi ndio napika.

Baba ako na sirosisi, daktari alitueleza ini lake limejaa makovu sababu ya hepataitisi B ambayo alikaa nayo miaka mingi bila kujua. Mwaka huu akaanza kuchanganyikiwa, mchana analala, usiku anazunguka sebuleni akitafuta viatu ati gari inamwacha. Huyu ni mtu alikuwa makanga wa gari za Kariobangi tangu sisi tukiwa wadogo, kwa mambo ya chenji hakuna mtu angemdanganya, lakini siku moja nilimpa noti ya mia mbili akatuletee maziwa nikamkuta amesimama pale dukani ameishika tu anaiangalia, hajui ampe mwenye duka ama airudishe mfukoni. Nililia siku hiyo jameni.

Alilazwa, wakasema ni amonia, ile sumu ini lilifaa kuisafisha kwa damu, inapanda kichwani, wakamwanzishia laktulosi, ile sirapu nzito tamu, mililita 30 mara tatu kwa siku. Na kusema ukweli akili imerudi, anajua leo ni siku gani, anajua bei ya unga, anauliza matokeo ya mechi. Shida sasa ni choo. Anaenda mara tano, siku zingine sita, na amekonda, yaani mabega yamebaki mifupa na mshipi ameutoboa tundu jipya na msumari. Shangazi yangu mkubwa alikuja kutoka ushago akaona hiyo hali akasema dawa inasomba mafuta yote ya chakula yanaishia chooni, kwa hivyo nisimpikie na mafuta kabisa, avokado hapana, mayai hapana, maziwa hapana, mboga nichemshe na maji tu juu hata ini lenyewe haliwezi mafuta. Jirani naye anasema niache sirapu kwanza anenepe.

Sasa nauliza, ni kweli hii dawa inazuia mafuta kuingia mwilini? Nipunguze mafuta, nipunguze dawa, ama nifanye nini? Kliniki yake ni wiki ijayo lakini siwezi kukaa tu nikimwangalia hivi.

Nesi_wa_Zamu

Pole sana dada, na hongera kwa kumtunza mzee. Nimefanya kazi wodi ya wanaume muda mrefu na hili swali lako naulizwa na familia nyingi, kwa hivyo nitalijibu kirefu kidogo univumilie.

Kwanza kabisa usiache hiyo sirapu. Hilo la jirani likae kando. Mgonjwa wa aina ya baba akiachishwa laktulosi ghafla choo kinafunga, amonia inajaa, na ile hali ya kusimama dukani na noti mkononi inarudi, wengine wanalala hawaamki vizuri mpaka wabebwe. Nimeona ikitokea na inaumiza sana juu ni kitu kingezuilika.

Sasa mafuta. Laktulosi ni sukari ya kutengenezwa, galaktosi na fruktosi zimeunganishwa, na utumbo wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuivunja, kwa hivyo inapita utumbo mdogo vile ilivyo mpaka inafika utumbo mkubwa. Kule ndiko bakteria wanaila wanatoa asidi, na hiyo asidi inageuza amonia iwe katika hali ambayo haiwezi kurudi kwa damu kirahisi, inatoka na choo. Hii dawa ilianza kutumika kwa huu ugonjwa mwaka wa 1966, si kitu cha kubahatisha. Mafuta ya chakula yenyewe yanamalizwa mapema, kule juu kwa utumbo mdogo. Kongosho inatoa maji yake yanavunja mafuta, ini linatoa nyongo inayayeyusha ili yaweze kuingia, na kufikia chakula kinaingia utumbo mkubwa kazi ya mafuta imeisha zamani. Mtu mzima mwenye afya akila gramu 100 za mafuta kwa siku, zinazotoka na choo hazifiki 7.

Kwa hivyo mahali laktulosi inafanyia kazi yake kubwa na mahali mafuta yanaingilia ni sehemu mbili tofauti. Lakini shangazi pia hajakosea kabisa, na ni vizuri umwambie hivyo kwa heshima. Ile sukari ikiwa bado njiani inavuta maji hata ndani ya utumbo mdogo, chakula kinaharakishwa, na mafuta kidogo yanateleza kabla hayajaingia. Kuna utafiti wa Marekani wa 1992 ambapo watu wazima wenye afya, ini zima na kongosho nzima, waliharishwa makusudi, na kwa baadhi yao mafuta ya chooni yalivuka zile gramu 7 yakafika karibu 14. Yaani kuharisha peke yake kunatosha kuongeza mafuta chooni bila kiungo chochote kuwa kibaya.

Lakini hebu tupige hesabu dada, juu hesabu ndiyo inaamua hii kesi. Gramu moja ya mafuta ni kalori 9. Tuseme sirapu inampotezea mzee gramu 7 zaidi, hiyo ni kalori 63, haifiki hata yai moja. Sasa wewe ukifuata ushauri wa kumtolea mafuta yote, na tuseme kwa kawaida alikuwa anakula gramu 60 kwa siku, umemnyima kalori 540. Mara nane na zaidi! Dawa inamwibia kidogo halafu sisi wenyewe nyumbani tunamwibia kingi tukidhani tunamsaidia. Hiki ndicho kinaniuma kila nikiona mgonjwa wa ini ameletewa sukuma ya kuchemsha na ugali mkavu siku baada ya siku.

Kwa nini basi anakonda? Ini lenye makovu haliwezi kuweka akiba ya sukari ya kutosha, kwa hivyo akilala usiku bila kitu tumboni, asubuhi mwili ushaanza kula misuli yake. Ongeza hapo kukosa hamu ya chakula, na kama tumbo lina maji linabana anashiba haraka. Na misuli ni ya maana sana kwake juu misuli pia inasaidia kuondoa amonia wakati ini limeshindwa.

Halafu hiyo mara tano sita ni nyingi mno. Lengo ni choo laini mara mbili au tatu kwa siku, basi. Ikizidi hapo anapoteza maji na potasiamu, figo zinaumia, na ajabu ni kwamba kukaukiwa maji kunaweza kurudisha kuchanganyikiwa kule kule tunakokukimbia. Piga simu kliniki leo usingoje wiki ijayo, waambie idadi ya choo, uliza kama wanataka apunguziwe dozi na kwa kiasi gani. Kupunguza dozi na kuacha dawa si kitu kimoja.

Mke_wa_Fundi

Nesi amesema yote ya kitaalamu mimi niongeze ya nyumbani. Mume wangu ako kwa hiyo sirapu muda sasa na kitu kilitusaidia ni daftari. Niliweka daftari la mraba pale kando ya kitanda na kalamu imefungwa na uzi, kila akienda choo anachora mstari, na asubuhi kabla ya chai anaandika jina lake lote na tarehe. Hiyo ya jina nilifundishwa kliniki. Siku akili iko sawa herufi zake zinasimama vizuri maana yeye ni fundi wa mbao ako na mkono mzuri sana, siku amonia inaanza kupanda herufi zinatetemeka, zinaachana, ile F ya mwisho anairudia mara mbili hata hajui. Naona kwa karatasi kabla sijaona kwa maneno. Hapo najua kuangalia mistari ya jana, nakuta choo kilikuwa kimoja ama hakuna, napiga simu.

Na daktari akiona hilo daftari hakuulizi mambo mengi, anasoma tu mwenyewe anaamua dozi. Sisi tulianzia juu kama nyinyi tukashushwa mpaka ikapata kiwango chake. Kila mtu ana chake.

Ya pili, uliza baba kama anaogopa kutoka nje. Wangu alikuwa anaruka dozi ya asubuhi kisirisiri kila siku ya kwenda mjini juu ya kuogopa kubanwa ndani ya matatu hapo Jogoo Road gari zimesimama. Tukahamisha masaa badala ya kuruka, siku ya safari anakunywa akishafika ama akirudi. Daktari alikubali. Wazee wana aibu hawatasema wenyewe.

Na hiyo utamu ikimchosha changanya na maji ama juisi kidogo, inashuka.

Binti_wa_Kariobangi

Mungu awabariki nyote wawili, nimesoma hiyo hesabu ya 63 na 540 kwa sauti hapa mezani shangazi akinyamaza anasikiza. Nimepiga simu, wamesema tushuke mililita 20 mara tatu tuangalie choo na tumpeleke kliniki vile ilipangwa. Daftari nimenunua.

Lakini nina maswali mengine. Moja, nitajuaje kama choo chake kina mafuta kweli ama ni dawa tu? Ni cha rangi ya kahawia ya kufifia, kina povu na harufu ya uchachu, gesi nyingi sana tumbo linanguruma mpaka tunasikia. Mbili, mbali na laktulosi kuna unga alipewa wa kukoroga na maji juu ya kuwashwa mwili, unaitwa kolestiramini, huo nao una shida? Tatu, binamu yangu ameleta chupa ya mafuta ya nazi kutoka Kilifi anasema hayo hayahitaji nyongo, niyatumie?

Mfamasia_Mtaani

Dada umeuliza kitu watu wengi hawaulizi, hapo kwa huo unga. Ngoja nikueleze.

Kolestiramini kazi yake ni kushika chumvi za nyongo ndani ya utumbo na kutoka nazo chooni. Kwa mtu anawashwa kwa sababu ya ini inasaidia sana. Lakini chumvi za nyongo ndizo hizo zinayeyusha mafuta, kwa hivyo ukizishika zote, mafuta na vitamini A, D, E na K vinakosa njia ya kuingia. Ukiniuliza mimi kati ya hizo dawa mbili ni gani ya kuulizia kuhusu mafuta nitakwambia unga kabla ya sirapu. Simaanishi aache, kuwashwa usiku kucha pia ni mateso na kunamnyima usingizi. Namaanisha daktari ajue anatumia zote mbili, wapime vitamini na kuganda kwa damu. Pia huo unga unashika dawa zingine tumboni, kwa hivyo dawa zake nyingine azimeze saa moja kabla ya unga au masaa manne mpaka sita baada. Na jambo lingine, unga huo unafungisha choo, sasa siku mnashusha laktulosi kumbukeni huyu mwingine anavuta upande wa pili, msije mkajikuta siku nzima imepita bila choo.

Tukiwa hapo hapo kwa dawa za choo, si zote ni sawa. Kuna ile parafini ya maji ambayo watu wengine wananunua kemisti wakisema ni ya kulainisha, hiyo ni mafuta ambayo mwili hauyachukui, na zile vitamini nimetaja zinayeyukia ndani yake zinaenda nazo chooni. Kwa mtu wa ini kaa mbali nayo. Zamani pia walikuwa wanatumia neomaisini kuua bakteria wa utumbo kwa hali kama ya baba, ile yenyewe ilikuwa inavuruga chumvi za nyongo na kuzuia mafuta kuingia, mbali na kuumiza figo na masikio. Siku hizi daktari akitaka kuongeza antibiotiki juu ya laktulosi ni rifaksimini. Na tafadhali sana zile dawa za kienyeji za kusafisha tumbo zinauzwa na wachuuzi pale kwa steji, hapana. Ini lake halina nafasi ya majaribio.

Choo sasa. Vile umeeleza, povu, uchachu, gesi, hiyo ni laktulosi ikichachuliwa na bakteria, ndivyo inavyokuwa. Choo cha mafuta ni kingine kabisa, kimefifia mpaka kinakaribia rangi ya udongo mweupe, kinanuka vibaya kuliko kawaida, kinashika kwa sinki hata ukimwaga maji mara mbili hakiendi, na ukiangalia maji yake unaona matone yanang'aa juu kama supu ya mbuzi iliyopoa. Kuelea peke yake sio dalili, hata gesi inaelesha choo.

Kipimo kipo. Wanaweza kupaka choo rangi maalum waangalie matone ya mafuta kwa darubini, ama wakusanye choo cha siku tatu wapime gramu. Kama mzee alikuwa anakunywa pombe zamani watataka pia kujua hali ya kongosho na hapo kuna kipimo cha elastesi kwa choo, yaani kimeng'enya kinachotoka kwa kongosho. Waambie mapema kwamba ako kwa laktulosi juu choo cha majimaji kinazimua hiyo elastesi, majibu yanaonekana chini kana kwamba kongosho imekufa kumbe ni maji tu.

Kijana_wa_Umoja

Samahani naomba nitofautiane kidogo. Mjomba wangu alikuwa na shida ya ini na daktari mwenyewe, si jirani, alisema apunguze mafuta. Macho yalikuwa manjano, mkojo rangi ya chai ya rangi, choo cheupe kabisa chenye mafuta, na alipopunguziwa mafuta kuendesha kukapungua na akapata nafuu. Kwa hivyo tusiwaambie watu wote wawajaze wagonjwa mafuta. Mimi naogopa mtu atasoma hapa aende akamkaangie baba yake chipsi.

Nesi_wa_Zamu

Umesema vizuri sana ndugu na sina ubishi na wewe. Mjomba wako alikuwa na shida ya nyongo kutofika utumboni, mirija imeziba ama imeharibika, na hapo mafuta kweli hayana wa kuyayeyusha. Mtu wa namna hiyo akipunguziwa mafuta ya kawaida kwa kiasi na akapewa vitamini anapata nafuu. Lakini ona daktari alifuata nini, alifuata choo cheupe chenye mafuta, na hakumkatia mafuta kwa sababu tu neno ini limetajwa. Na hata hapo ukipunguza mafuta lazima ujaze hizo kalori na kitu kingine, la sivyo umetoa tu.

Kwa dada, macho ya baba yakianza kuwa manjano zaidi, choo kikigeuka cheupe na mkojo kuwa mweusi, hiyo si ya kungoja kliniki, anahitaji kupigwa picha ya tumbo waone mirija. Pia akitapika damu, choo kikiwa cheusi kama lami, akiwa na homa ama tumbo linauma, au asinzie mpaka mkishindwa kumwamsha, mkimbize dharura usiku ama mchana. Na siku akikosa choo kabisa piga simu siku hiyo hiyo.

Hiyo ya chipsi pia ni kweli. Kula mafuta haimaanishi kukaanga kila kitu.

Lishe_Kwanza

Nimechelewa lakini hapa ndipo kwangu. Nafanya kazi ya lishe na wagonjwa wa ini ni wengi kuliko watu wanavyodhani hapa Nairobi.

Binti, baba yako ana uzito gani? Tuseme kilo 60 bila kuhesabu maji ya tumbo kama yapo. Mwongozo wa lishe wa ugonjwa huu unasema kalori 30 mpaka 35 kwa kila kilo, kwa hivyo anahitaji 1800 mpaka 2100 kwa siku. Protini gramu 1.2 mpaka 1.5 kwa kilo, hiyo ni 72 mpaka 90. Yai moja lina kama gramu 6, sasa fikiria ukimkataza mayai, maziwa na nyama hiyo 72 utaitoa wapi. Zamani hata hospitalini walikuwa wanawanyima protini ati inaleta amonia, huo ushauri uliachwa juu wagonjwa walikuwa wanaisha misuli na kuchanganyikiwa kunazidi. Bado naukuta kwa familia, unarithiwa tu.

Mafuta mpe, lakini yagawanye. Akila mlo mmoja mzito wenye mafuta mengi, nyongo kidogo aliyo nayo inazidiwa. Akila kidogo kidogo mara tano ama sita nyongo hiyo hiyo inatosha kila mara. Ndiyo maana nasema swali lisiwe tu mafuta kiasi gani, uliza pia kwa mara ngapi. Asubuhi uji wa wimbi uliotiwa maziwa na siagi ya karanga isiyo na chumvi, saa nne yai na ndizi, mchana ndengu na wali ama chapati moja na robo avokado, saa kumi maziwa mala, jioni ugali na samaki ama kuku na mboga iliyokaangwa na kijiko cha mafuta. Halafu hiki ndicho cha maana kuliko vyote, kabla ya kulala ale tena. Nduma, viazi vitamu, mkate na maziwa, uji mzito, chochote chenye kama gramu 50 za wanga. Hiyo inamvusha usiku bila mwili kula misuli, na jaribu usiku asikae zaidi ya masaa kumi bila kitu. Familia nyingi wananiambia hii peke yake imewaonyesha tofauti kwa mabega baada ya muda, kuliko vitu vya bei wanauziwa madukani.

Ugali wa mahindi hakikisha unga ni mzuri, mahindi yenye ukungu yana aflatoksini na hiyo ni adui wa ini moja kwa moja. Harufu ya ukungu ukiisikia usiseme nitachuja, tupa.

Mafuta ya nazi ya binamu. Kuna mafuta ya mnyororo wa kati ambayo ni kweli yanaingia kwa damu bila kungoja nyongo sana, na hospitali wanayatumia kwa wagonjwa kama mjomba wa Kijana wa Umoja. Ya nazi yana sehemu ndogo tu ya hayo. Karibu nusu yake ni asidi ya lauriki ambayo kwa sehemu kubwa inafuata njia ile ile ya mafuta mengine. Kwa hivyo pika nayo kama mnayapenda, wali wa nazi mtamu sana na mzee atakula zaidi na hiyo ndiyo faida, lakini usimpe vijiko kama dawa, kijiko cha mafuta matupu kinaharisha mtu na tayari ako kwa laktulosi.

Chumvi angalia kama ana maji tumboni ama miguu imevimba, zile pakiti za kuongeza ladha kwa mchuzi zimejaa chumvi. Tumia dania, tangawizi, limau, vitunguu. Na usimnunulie vitamini A ya vidonge kwa kubahatisha, ikizidi yenyewe inaumiza ini, apimwe kwanza.

Binti_wa_Kariobangi

Sijui niwashukuru vipi. Tumeshusha dozi vile kliniki walisema, na jana mistari kwa daftari ilikuwa mitatu. Ameandika jina lake na bado ameongeza jina la gari yake ya zamani chini. Shangazi amekubali mayai, avokado amesema ataangalia kwanza. Usiku nimempa nduma na maziwa akala yote.

Swali la mwisho kwa Mfamasia ama Nesi. Kama kliniki watataka kupima mafuta kwa choo, kuna kitu natakiwa kufanya kabla ama tunaenda tu?

Nesi_wa_Zamu

Kama ni kile cha siku tatu watakupa chombo, na wakati huo usimpunguzie mafuta, ale kawaida yake ama zaidi, wengi wanataka kama gramu 100 kwa siku, juu akiacha kula mafuta majibu yatakuja mazuri ya uongo. Andika kila alichokula. Sirapu na ule unga waulize mapema kama aendelee navyo siku hizo, usiamue mwenyewe, na kwa fomu waandike ako kwa laktulosi na kolestiramini. Chombo kifunike vizuri uweke mahali pa baridi mbali na chakula, na asichanganye na mkojo.

Kama ni kile cha darubini basi choo cha siku hiyo kinatosha, beba asubuhi mkienda. Na beba daftari.